Mochari ya kaunti imezeeka, pesa ni kidogo: tuanze kukarabati wapi?

Swali: Mimi ni msimamizi wa mochari katika hospitali ya kaunti hapa Kenya. Jengo letu ni la miaka ya sabini. Mwaka huu wa fedha tumetengewa pesa za ukarabati, na mchoro tulioletewa una vigae vipya, rangi, ukumbi mdogo wa ibada na friji ya kuongeza nafasi. Wahudumu wangu wanalalamika kwamba macho yanawawasha, kifua kinabana na kichwa kinauma kila wanapotia miili dawa. Mwaka jana mmoja alijidunga sindano ya kushonea. Pesa hazitatosha kila kitu. Tuanze na nini? Na je, ni kweli kwamba miili yenyewe ndiyo hatari kubwa kwetu?

Jibu: Anzeni na hewa, ndugu msimamizi. Kama mchoro huo hauna feni ya kutoa hewa iliyopigiwa hesabu, urudishe kwa mhandisi wa kaunti kabla zabuni haijatangazwa, maana ikishatoka kila badiliko lina bei yake. Vigae vinaweza kusubiri, na ukumbi wa ibada pia. Ninajua ukumbi ndio utakaopigwa picha siku ya ufunguzi, na feni iliyofichwa nyuma ya jengo hakuna kiongozi atakayeikatia utepe. Lakini macho, kifua na kichwa, yote matatu yanatoka chumba kimoja na chanzo chake ni kimoja.

Chanzo hicho ni fomalini, ile dawa mnayotia miili isioze. Ile inayoletwa kwenye jerikeni ni maji yaliyobeba gesi ya fomaldehaidi kwa asilimia 37 hadi 40, pamoja na methanoli kidogo ya kuituliza. Kila unapofungua kifuniko, kila unapomimina kwenye ndoo, gesi inatoka kwenye maji na kupanda usoni kwa aliyeinama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ushahidi umethibitisha kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Wakati huo ilikuwa saratani ya koo la juu, nyuma ya pua. Mwaka 2009 likaongeza saratani ya damu. NIOSH, taasisi ya Marekani ya afya kazini, inashauri mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 0.1 kwa milioni kwa dakika 15. Mtu akifikia hatua ya kutoa machozi, kwa kawaida kiwango hicho kimeshapitwa mara kadhaa. Na msidanganywe na wazee wa kazi wanaosema "sisi tumezoea". Pua ndiyo inayozoea. Mapafu hayazoei.

Hapa niseme mambo mawili ambayo nayakuta karibu kila mochari ninayokagua. Barakoa ya upasuaji haizuii gesi hata kidogo, na hata N95, ambayo ni nzuri kwa vijidudu, inaipitisha fomaldehaidi kana kwamba haipo. Anayetia dawa anahitaji barakoa ya mpira yenye kichujio kilichoandikwa kuwa ni cha fomaldehaidi, na kichujio kina siku zake za kutupwa. La pili ni maziwa. Kuna hospitali ambayo bajeti yake ya usalama kwa wahudumu wa mochari ni pakiti ya maziwa kila asubuhi, ati yasafishe kifua. Maziwa yanaingia tumboni, gesi inaingia mapafuni, na hayakutani popote. Wapeni kama chakula, mtu akishinda kazini anahitaji chakula, lakini yasihesabiwe kuwa kinga.

Sasa hesabu ya hewa, ambayo utaihitaji mezani mbele ya mhandisi. Mwongozo wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kwa vyumba vya kupasulia maiti unataka hewa yote ya chumba ibadilishwe mara 12 kwa saa, itolewe moja kwa moja nje, na chumba kiwe kinavuta hewa kutoka kwenye korido, kisiwe kinaisukumia korido. Chukua chumba cha mita sita kwa tano, urefu wa kwenda juu mita tatu. Hizo ni mita za ujazo 90. Mara 12 ni mita za ujazo 1,080 kwa saa. Feni ndogo ya inchi nne, ile ya chooni ambayo wanakandarasi hupenda kuichomeka ukutani na kuandika "uingizaji hewa umekamilika", hutoa kama mita za ujazo 100 kwa saa. Yaani chumba chako kitabadilisha hewa mara moja badala ya mara kumi na mbili. Kwa mara 12, asilimia 99 ya vijidudu vilivyoelea hewani vinaondoka ndani ya dakika 23. Kwa mara moja, vinachukua zaidi ya saa nne na nusu, na kwa muda huo mmeshapasua mwili mwingine.

Mahali pa kufyonzea ni muhimu sawa na nguvu ya feni. Hewa safi iingie juu, nyuma ya mgongo wa mhudumu, ipite usoni kwake kwanza, ishuke mezani, kisha ifyonzwe upande wa pili wa meza, chini, karibu na pale miguu ya maiti inapolala. Mkiweka tundu la kufyonza darini juu ya meza, mtakuwa mnaipitisha fomalini yote mbele ya pua ya mtu ikielekea juu. Pangaboi nalo liondoeni. Linakoroga gesi na kuisambaza hadi kwenye dawati la karani. Kiyoyozi cha ukutani ni mtego wa kisasa zaidi: kinapoza, watu wanafurahi, ila kinazungusha hewa ileile ya ndani na kuwafanya wafunge madirisha.

Unaweza kupima leo bila shilingi nyingi. Asubuhi kabla ya kazi, jerikeni zikiwa zimefungwa, washa kipande cha dawa ya mbu ya kuchoma, funga mlango wa chumba cha kutilia dawa, kaa nje na ushike moshi karibu na ufa wa chini wa mlango. Ukivutwa kuingia chumbani, mnaanza pazuri. Ukisukumwa kuja kwako, basi hewa ya chumba hicho ndiyo ambayo karani wako na familia zinazosubiri kwenye benchi wanaivuta kila siku. Rudia kwenye mlango wa ofisi. Piga video, uipeleke kwenye kikao cha bajeti, maana moshi unaoonekana unasikilizwa haraka kuliko barua.

Wakati mnasubiri feni, punguzeni gesi pale inapozaliwa. Ndoo ya dawa iwe na kifuniko. Jerikeni iwekewe bomba la kufungulia ili isimiminwe kwa kuinamishwa. Tumieni pampu iliyofungwa inayopeleka dawa hadi kwenye mshipa, acheni ndoo iliyoning'inizwa wazi. Kilichomwagika kifutwe mara moja, na matambara yaingie kwenye pipa lenye mfuniko. Mwili mmoja kwa wakati mmoja. Ninajua Ijumaa mnabanwa: kuna mazishi mengi ya Jumamosi, magari yanangoja kwenda Nyanza na Magharibi, na kila familia imefika na ndugu wenye sauti. Hata hivyo miili mitatu ikifunguliwa dawa pamoja ndani ya chumba kimoja, hakuna feni itakayoshinda.

Glavu nazo. Zile nyembamba za mpira wa kawaida fomalini inazipenya. Nunueni za nitrili, na mhudumu avae jozi mbili. Kisha hakikisheni kuna maji ya kuosha macho ndani ya hatua chache kutoka mezani, kwa sababu tone la fomalini likiingia jichoni linaweza kuharibu mboni, na dawa ya kwanza ni maji yanayotiririka kwa dakika 15 mfululizo. Kifaa maalumu kipo madukani. Kama hakijafika, bomba lenye mpira laini linalofika usoni litatosha kwa sasa, mradi si bomba lililokauka.

Na tafadhali, jiki na fomalini zisikutane. Mhudumu mwenye nia njema akimwaga jiki juu ya fomalini iliyotapakaa sakafuni, vinaweza kuzaliwa vitu vibaya kuliko vyote viwili. Damu isafishwe kwa jiki iliyochanganywa na maji, fomalini ifyonzwe kwa kitu kikavu na kuoshwa kwa maji mengi, na mtu mmoja afundishwe kutofautisha.

Tuje kwenye swali lako la pili. Miili yenyewe, kwa jumla, inaogopwa kuliko inavyostahili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu maafa umesema wazi kwa miaka mingi kwamba waliokufa kwa ajali, mafuriko au majeraha hawaanzishi milipuko ya magonjwa. Waliokufa kwa kipindupindu, na zaidi waliokufa kwa Ebola na homa za jamii yake, hao wana taratibu zao na hawaguswi bila taratibu hizo. Hofu yenu ya kila siku iwe kwa vitu viwili: kifua kikuu na vitu vyenye ncha.

Kifua kikuu hakifi pamoja na mgonjwa. Msumeno wa umeme ukipita kwenye mfupa, au mapafu yakikatwa, vijidudu huruka hewani, na Kenya ugonjwa huu bado ni mkubwa. Ile feni ya mara 12 ndiyo kinga ya kwanza hapa pia, ndiyo sababu ninaing'ang'ania: inalipa mara mbili. Hapa N95 ina kazi yake halali. Msumeno ununuliwe wenye kifyonzio, au mtumie wa mkono, na punguzeni watazamaji. Askari aliyeleta mwili na ndugu aliyekuja kuutambua hawana haja ya kusimama mezani fuvu linapofunguliwa. Wamtambue mtu wao, kisha wasubiri nje au nyuma ya dirisha la kioo. Dirisha hilo, kwa njia, ni rahisi kujenga, na ningelipenda kuliko vigae.

Kuhusu yule aliyejidunga sindano. Utafiti umewahi kupata virusi vya UKIMWI vikiwa hai kwenye miili iliyokaa kwenye baridi zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo "alikufa zamani" si sababu ya kupuuza. Hatari ya kuambukizwa UKIMWI kwa kudungwa na sindano yenye damu ya mwenye virusi ni kama watu watatu kwa elfu. Homa ya ini aina ya B inaweza kufika watu 30 kwa mia kwa asiyechanjwa. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na bado nikiingia mochari nauliza nani amechanjwa, vinainuka vidole viwili. Chanjo ni dozi tatu, ya kwanza, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Wachanjeni wote, na mfagiaji wa kibarua akiwamo. Hii haihitaji zabuni wala mchoro. Anayejidunga aanze dawa za kinga ya UKIMWI ndani ya saa chache, na zisipite saa 72. Sasa jiulize: mtu wako akijidunga saa nane usiku wa Jumapili, nani ana ufunguo wa kabati la dawa hizo? Andikeni jina na namba yake ukutani.

Mezani kwenyewe, mshonaji ashike sindano kwa koleo, asiishike kwa vidole. Mkono usioshika kisu uvae glavu ya kuzuia kukatwa chini ya ile ya nitrili. Mikono ya watu wawili isiwe ndani ya mwili mmoja kwa wakati mmoja. Kisanduku cha vitu vyenye ncha kiwe mahali ambapo mkono unafika bila kupiga hatua, kwa sababu ajali nyingi hutokea mtu anapotembea na sindano akitafuta pa kuitupa.

Friji. Kabla hujakubali ya pili, hesabu miili isiyo na wenyewe iliyolala kwenye ya kwanza. Mochari nyingi za umma hazijajaa kwa sababu ni ndogo. Zimejaa kwa sababu miili isiyodaiwa imekaa miezi. Kufuata njia ya notisi gazetini na amri ya mahakama ni kazi ya makaratasi yenye kuchosha, lakini inaweza kukupa nafasi nyingi kuliko friji mpya, na haitumii umeme. Usichokitaka kabisa ni miili sakafuni: watu wanateleza, migongo inaumia, na heshima ya marehemu inapotea. Na mara nyingine dharura huja kubwa kuliko friji yoyote. Mwaka 2023, miili iliyofukuliwa kwenye msitu wa Shakahola, Kilifi, ilipozidi 400, mochari ya hospitali ya Malindi haingeweza kuibeba, ikabidi yaletwe makontena yenye baridi. Kaunti yenye akili inajenga sakafu imara na soketi kubwa ya umeme nje ya mochari, mahali ambapo kontena linaweza kuegeshwa na kuwashwa. Ni gharama ndogo ukilinganisha na friji ambayo itakaa nusu tupu.

Mkiinunua, angalieni mambo ambayo muuzaji hatayataja. Mashine ya kutoa joto iwe nje ya jengo, la sivyo itakuwa inapasha moto chumba mnachojaribu kukipoza. Baridi ya kuhifadhi iwe kati ya nyuzi 2 na 4, na kuwe na kengele inayolia pale mlinzi wa usiku anapoisikia. Kama ni chumba cha kuingia, mlango ufunguke kutoka ndani hata gizani. Jaribuni wenyewe mtu akiwa ndani kabla ya kupokea. Na safu ya tatu ya juu haitumiki bila toroli ya kuinua. Kuwataka vijana wawili waunyanyue mwili wa kilo 90 juu ya vichwa vyao ni kununua magonjwa ya mgongo kwa pesa ya umma.

Sakafu na mifereji: zile za terazo za zamani si mbaya zikiwa hazijapasuka na zikiwa bado zinaelekea kwenye tundu la maji. Mwageni ndoo ya maji mtazame yanakokwenda. Yakituama chini ya meza, hapo ndipo pa kurekebishwa, na vigae vinavyong'aa ndivyo hatari zaidi kwa buti zenye maji. Fuatilieni bomba hadi mwisho wake. Mochari nyingi za zamani humwaga kwenye tangi la septiki, na fomalini inayomwagwa humo huua bakteria wanaofanya kazi ya kuozesha uchafu. Tangi linajaa upesi, linanuka, na mtaa wa jirani unapeleka malalamiko NEMA, mamlaka ya mazingira. Mabaki ya fomalini yakusanywe peke yake. Nyaya za kurefusha umeme zinazolala kwenye maji ziondoke leo, na soketi ziinuliwe ziwe na kifuniko, pamoja na kifaa kinachokata umeme unapovuja.

Kama mko karibu na Pwani au mna waumini wengi wa Kiislamu, msisahau sehemu ya kuoshea. Miili hiyo huzikwa mapema na haitiwi dawa, lakini ndugu huja kuosha wenyewe, mara nyingi pembeni mwa meza ya kupasulia kwa sababu hakuna pengine. Wapeni chumba chao chenye jukwaa, maji na mfereji, na wekeni glavu na aproni mlangoni. Mtu aliyekuja kumwosha babake hatakumbuka kununua glavu.

Kisheria mna nguvu kuliko mnavyodhani. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya makaburi na nyumba za kuhifadhi maiti, kwa hiyo gavana hawezi kusema suala ni la Nairobi. Sheria ya huduma ya korona, yaani afisa wa kuchunguza vifo vya ghafla au vya kutatanisha, ilipitishwa mwaka 2017, lakini miaka imepita na bado miili ya ajali na mauaji imekuwa ikiishia mezani kwenu, polisi wakiileta na daktari wa serikali akifika anapopata nafasi. Hiyo ni hoja ya kudai pesa, kwa sababu mnafanya kazi ya uchunguzi wa vifo na si kuhifadhi tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kamati ya usalama popote penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi wa usalama kila mwaka. Hospitali yenu ina kamati hiyo, angalau kwenye karatasi. Mhudumu wa mochari awe mjumbe, na ripoti ya mkaguzi itaje fomalini kwa vipimo. Sheria hiyohiyo inamruhusu mfanyakazi kuripoti hatari kubwa iliyo karibu na kutorudishwa hapo hadi irekebishwe. Kila aliyedungwa au kuunguzwa aandikwe siku hiyohiyo, maana fidia hufuata maandishi.

Jambo moja la tahadhari kabla ya fundi kupanda na drili. Jengo la miaka ya sabini linaweza kuwa na paa au dari ya asbesto. Ikitobolewa ili kupitisha bomba la feni, vumbi lake litaingia kwenye mapafu ya mafundi na ya wahudumu. Paa likaguliwe kwanza, na likiwa ni asbesto liondolewe na mwenye leseni ya NEMA. Tenga pesa ya hilo mapema, kwa sababu ndilo linalokwamisha miradi nusu njiani, na wakati huo miili iwe imeshapangiwa hospitali jirani kwa barua, si kwa ahadi ya simu.

Mwisho, kwenye mkataba andikeni kwamba malipo ya mwisho hayatolewi hadi hewa ipimwe, feni ikiwa imewashwa na milango imefungwa, mbele yako na afisa wa DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, na hesabu ifike mara 12. Kisha aje mpimaji wa fomaldehaidi siku ya kazi ya kweli, ikiwezekana Ijumaa.